Ubao Niliougeuza Rafu

Neema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye sasa anaisimamia karakana yetu ya viatu, aliniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa kabla sijaanza kusahau. Nilimjibu kwamba shida yangu si kusahau. Ninakumbuka karibu kila kitu, ila ninayoyakumbuka hayakubaliani. Basi ninyi mnaobaki karakana, msiyasome haya kama mafundisho. Someni kama mnavyosoma soli iliyochakaa. Soli haina uongo, lakini msomaji anaweza kuisoma vibaya.

Nimewatengenezea watu viatu kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu. Viatu vya miguu iliyopinda, ya wayo bapa, na ya wale ambao ugonjwa uliwaondolea hisia, wakakanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni. Lakini jambo ninalotaka kulijua kabla sijafa ni moja tu: je, nilimharibu mdogo wangu Zuhura, au nilimsaidia? Nitaeleza tangu mwanzo, labda mmoja wenu ataona kitu ambacho mimi sikioni.

Tulizaliwa Mungaa. Wazazi wetu walikufa wote ndani ya mwaka mmoja, mama akitangulia. Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Nilikuwa darasa la tano. Niliacha madaftari yangu kwa jirani nikisema nitayafuata wiki ijayo, na sikuyafuata. Baba alikuwa ametuachia ng'ombe wawili wa kulimia na plau. Baba mdogo alisema angekuja kutulimia akimaliza shamba lake, lakini mvua za kwetu hazimsubiri baba mdogo. Nikaishika plau mwenyewe, na Zuhura, aliyekuwa na miaka saba, akatangulia mbele kuwaongoza ng'ombe.

Siku hizo msichana nyuma ya plau alikuwa tamasha. Watu walisimama njiani kutazama. Mama mmoja alisema kwa sauti ili nisikie, "Huyu ataolewa na plau."

Zuhura akamjibu bila kugeuka, "Plau hailewi."

Wenye kulima kwa ng'ombe mnajua jinsi mtu anavyotembea. Mguu wa kulia uko chini, ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, na wa kushoto uko juu, kwenye ardhi ngumu. Unakwenda hivyo kutwa nzima, mwili umeinama upande mmoja kama mlango uliochomoka bawaba. Jioni tukirudi nyumbani kwenye njia iliyo sawa, niliendelea kutembea vilevile. Zuhura alikuwa akinifuata nyuma akiniigiza, bega moja chini, wale wadogo wakicheka mpaka wanakaa chini. Nilimfukuza na fimbo ya ng'ombe. Sikujua kwamba hilo lilikuwa somo langu la kwanza la kazi.

Wadogo walipokuwa wakubwa kiasi cha kuweza kupika bila kuunguza nyumba, nilipata kazi ya kufua nguo hospitalini. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, na makarai ya saruji yalijengwa ukutani. Sakafu iliteremka kuelekea dirishani, palipokuwa na mtaro. Maji hayakuwahi kunisumbua. Nilimwaga tu, yakajiendea. Miaka minne nilisimama pale na mabuti ya mpira, nikiyasukuma maji machafu kwa ufagio kuelekea dirishani. Likumbukeni hilo. Mimi sikulikumbuka.

Nje ya mlango wa kufulia palikuwa na ngazi, na wagonjwa waliokuja kuanika vitambaa vyao waliacha ndala zao pale. Nilizoea kuzitazama. Siku moja Mzee Ntandu, fundi wa karakana ya viatu, alikuja kuchukua matambara ya kufutia gundi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Yule mama wa wodi ya pili, anaumwa mguu wa kulia."

"Anaumwa mgongo," alisema. "Yuko hapa wiki ya pili kwa ajili ya mgongo."

"Ndala yake ya kulia imelika upande wa ndani. Ya kushoto ni nzima."

Mzee Ntandu akatoka kwenda ngazini, akaziinua zile ndala, akaziangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Aliporudi alisema, "Kesho usivae mabuti. Njoo karakana."

Ndivyo nilivyoingia. Kama mlitarajia cheti, sina.

Miezi ya kwanza hakunipa kisu wala shazia ya kushonea ngozi. Alinipa gunia la viatu vya zamani, akataka nimwambie kila mwenye kiatu alikuwa anatembeaje. Nikimwambia, "Huyu alikuwa anaburuta mguu," aliuliza kwa nini. Nikisema sijui, alinirudishia kiatu. Baadaye akanifundisha kutazama watu wenyewe. Alimlowanisha mtu nyayo, akampitisha kwenye saruji kavu, tukasoma alama kabla hazijakauka. Alisema kisigino kinapokea, wayo unapitisha, kidole gumba kinasukuma. Kimoja kikikataa kazi yake, kazi hiyo haipotei, inapanda juu. Inapokelewa na goti, goti likichoka linaipeleka nyongani, nyonga mgongoni, na mgongo mabegani. "Ni kama foleni ya kisimani," alisema. "Wa mbele akisogea vibaya, wa nyuma kabisa ndiye anayemwaga ndoo."

Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: Rudia. Mtu akitembea hadi mlangoni na kurudi, Mzee Ntandu hakusema chochote ila, "Rudia." Wakati mwingine mara saba. Wagonjwa walikasirika. Alisema mara ya kwanza mtu anatembea kwa ajili ya fundi, ya pili kwa aibu, ya tatu kwa hasira, na baada ya hapo anaanza kutembea kama anavyotembea.

Nakumbuka mwalimu mmoja wa kike aliyekuja akilalamika bega. Alikuwa ametumwa kutoka kwa daktari, na hakupenda alipoambiwa avue viatu.

"Mzee, nimekuja na bega, wewe unanitazama kidole."

"Bega lako limepanda ili kukisaidia kidole," alisema Mzee Ntandu.

Alikuwa na sugu ngumu chini ya kidole gumba. Kwa kuogopa kuikanyaga, alimalizia kila hatua kwa ukingo wa nje wa mguu, na mwili wote ukapinda kuufuata. Mzee akaipunguza ile sugu, akatoboa soli ya ndani ya kiatu mahali pake ili isiguse kitu. Baada ya wiki chache mwalimu akarudi na kuku jike mweupe chini ya kwapa, kwapa la upande wa bega lile lile. Mzee alitazama kwanza bega, halafu kuku.

Sasa nifike kwenye ubao. Mzee Ntandu alipotaka kujua kama mguu mmoja wa mtu ni mfupi, hakumpimia sakafuni. Alikuwa na ubao mpana wa mninga. Aliuweka chini, akachomeka vijiti vyembamba chini yake huku na huku. Halafu alitoa mfukoni chupa ndogo ya dawa yenye maji, imezibwa kwa nta, akailaza juu ya ubao, akaitazama akiwa kimya, akasogeza kijiti, akaitazama tena. Kisha aliirudisha mfukoni, akampandisha mgonjwa. Alipiga magoti nyuma yake, akaweka vidole gumba juu ya mifupa ya nyonga, akaona kama viko sawa. Kama upande mmoja uko chini, aliweka vibao vyembamba chini ya mguu huo hadi nyonga zilingane. Unene wa vibao ndio unene wa soli ya kuongeza.

Mimi ni Mwislamu. Mzee Ntandu alikuwa Mkatoliki, mtu wa kanisani kila Jumapili. Ile chupa niliichukulia kuwa maji ya baraka. Nilidhani anamwombea mgonjwa kabla ya kumpima. Na kwetu mtu mzima akiwa kwenye sala zake humuulizi maswali, hasa kama sala si zako. Niligeuka pembeni kwa heshima, nikangoja amalize. Na ubao nilidhani ni wa kumkinga mgonjwa na baridi ya saruji, maana upepo wa Juni hapa kwetu mnaujua wenyewe.

Miaka yote tuliyokuwa pamoja sikumuuliza. Alipostaafu na kurudi kwao Manyoni, aliniachia vyombo vyote: kalibu za mbao za kuumbia viatu, patasi, visu, na ubao. Chupa aliondoka nayo mfukoni, kwa mazoea tu nadhani. Sikuiomba. Ningeombaje? Baada ya muda tukasikia amefariki.

Hospitali ikajenga chumba kipya cha kufulia chenye mashine. Karakana ikahamishiwa kwenye chumba kile cha zamani. Nilifurahi, kulikuwa na mwanga mzuri dirishani. Niliamua wagonjwa niwapimie pale pale dirishani, bega la kushoto likielekea dirisha, ili nione vizuri. Ubao ulikuwa mrefu na mgumu, na kalibu zilikuwa zimezagaa chini. Nikapigilia ubao ukutani ukawa rafu. Rafu nzuri sana, haikupinda hata siku moja.

Tangu hapo karibu kila aliyekuja kwangu alikuwa na mguu mfupi wa kushoto.

Msicheke bado. Nililiona jambo hilo, na nikalipatia sababu. Wanawake, nilisema, wanabeba watoto upande mmoja. Wachungaji wanasimama kwa mguu mmoja wakiegemea fimbo. Waendesha baiskeli wanapandia upande mmoja. Kila mtu nilimpatia sababu yake. Niliwahi hata kumwambia daktari mmoja mgeni kwamba watu wa Singida tuna mguu wa kushoto mfupi kidogo. Aliitikia kwa kichwa kwa makini na kuandika kwenye kijitabu. Sijui alikipeleka wapi kile kijitabu.

Wakati huo Zuhura alikuwa ameolewa Mkiwa, pale njia zinapokutana. Alikuwa anauza kuku wa kuchoma na mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Alikuja kwangu akiwa ameshika kiuno.

"Dada, mgongo unaniua. Basi likisimama, wenzangu wanafika, mimi nafika na vumbi."

Nilimsimamisha dirishani. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa chini, kwa unene wa penseli. Nilimtengenezea kiatu kwa mapenzi ambayo sikuwahi kumtengenezea mtu. Nilikata tabaka tano nyembamba za mpira, nikazigundisha moja juu ya nyingine, nikazipiga msasa mpaka zikawa kitu kimoja, nikazifunika kwa ngozi laini ya mbuzi. Baada ya mwezi mmoja alinitumia salamu: mgongo umepona, sasa yeye ndiye anayefika wa kwanza. Wauzaji wenzake walimpa jina la Ghorofa. "Ghorofa amewahi tena!" walipiga kelele basi likisimama. Kila soli ilipolika alikuja, nikambadilishia. Alivaa kiatu hicho miaka kumi na saba.

Halafu akaja Neema, kutoka chuoni, na kiti chake kifupi cha kazi chenye magurudumu madogo chini. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mwenye goti. Neema akakaa kwenye kiti, akainama, akaliinua goti. Kiti kikaanza kuondoka. Polepole, bila haraka yoyote, kikamchukua Neema kurudi nyuma, huku mikono yake bado imenyooka mbele, mpaka kikagonga ukuta chini ya dirisha. Mama mwenye goti akasema, "Mtaalamu, unaniacha?" Tulicheka wote. Kisha Neema akaacha kucheka.

"Mama," aliniuliza, "wagonjwa wa kupima urefu wa miguu, huwa unawasimamisha wapi?"

"Hapo hapo ulipofikia."

Akatoka, akaazima pimamaji kutoka kwa waashi waliokuwa wakijenga wodi. Akailaza sakafuni pale dirishani. Kile kiputo cha hewa kikakimbilia mwisho wa kioo na kugoma kurudi. Ndipo nilipoiona chupa ya Mzee Ntandu, imelala juu ya ubao, na yeye akiitazama akiwa kimya. Nilikaa chini. Mimi ndiye niliyesukuma maji kwenye sakafu ile miaka minne. Hakuna mtu katika hospitali nzima aliyejua kuliko mimi kwamba inateremka. Nilijua kwa ufagio. Kwa vidole gumba sikujua.

Tuliing'oa rafu siku ile ile, kalibu zikarudi chini. Tukaanza kuwaita watu niliowaandika daftarini, wale walioweza kupatikana. Na hapa ndipo ninapowaomba mnisaidie, maana sielewi.

Mzee Issa, mfugaji, alipimwa juu ya ubao uliosawazishwa. Miguu yake ilikuwa sawa kabisa. Nikamwondolea soli ya ziada nikiomba radhi. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa na hasira na fimbo.

"Mwanangu, nilikuwa mzima. Umenirudisha kwenye maumivu ili sakafu yako ifurahi?"

Mama mmoja wa Ikungi nilimwondolea soli, goti lililomsumbua miaka likatulia. Mwingine alinisikiliza nikieleza kosa langu mpaka mwisho, kisha akasema kiatu changu hakukivaa hata siku moja kwa sababu kilimwaibisha, na alipona mwenyewe. Nisome nini hapo? Mmoja alipona kwa kiatu kibaya. Mwingine alipona nilipokirekebisha. Ambaye hakuvaa kiatu alikuwa mzima kuliko wote.

Nilimuuliza Neema. Yeye amesoma. Aliniambia mwili unazoea, hata kosa unalizoea, na ukiliondoa ghafla unalililia. Aliniambia pia maumivu mengine huondoka yenyewe na sifa akapewa fundi. Nilipombana aniambie basi kama tofauti ndogo namna ile ina maana au haina, alikuna kichwa. "Mama, hata waliotufundisha hawakubaliani." Nilimpenda kwa jibu lile, ila halikunisaidia.

Na Zuhura? Wakati huo alikuwa ameacha kukimbilia mabasi. Alikuwa na duka dogo hapo hapo Mkiwa, la mafuta ya alizeti na asali, anasimama kwenye sakafu ya saruji kutwa. Na tangu aache mabasi, nyonga yake ya kushoto ilianza kuuma. Kwanza jioni tu, halafu tangu mchana. Alianza kushika meza anapotembea. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mume mgonjwa. Dukani hakuna mwingine wa kusimama. Zuhura asiposimama, nyumba ile imekaa.

Tulikwenda kwake, mimi na Neema, na ubao kwenye bajaji. Tulimpima. Miguu yake ilikuwa sawa.

Nilimweleza yote, sakafu, mtaro, chupa. Alinisikiliza akiwa ameshika kiatu chake mapajani.

"Miaka kumi na saba," alisema, "nimeitwa Ghorofa. Kumbe ghorofa lenyewe ni sakafu ya kufulia?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unafua pale."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Hakucheka. Aligeukia upande wa barabara. Alipozungumza tena alizungumza Kinyaturu, lugha ya kwetu, kama tulivyozungumza tukilima kwa ng'ombe. Aliuliza kama atatembea.

Neema ndiye aliyesema, "Mama mdogo, nionyeshe ulivyokuwa unakimbilia basi."

"Sasa hivi? Na nyonga hii?"

"Polepole tu. Nionyeshe njia."

Tukatoka. Zuhura akachukua beseni tupu, akaliinua begani, akaenda pembeni mwa barabara, mahali basi linaposimama. Muuzaji mmoja wa zamani akaita, "Ghorofa umerudi kazini?" Zuhura akamwambia afunge mdomo. Akatembea kandokando kama vile basi liko kuliani kwake, akitazama madirisha juu. Mguu wa kulia ulikanyaga ukingo wa lami. Wa kushoto ulikanyaga chini, kwenye changarawe iliyokwisha kuliwa na mvua. Aliinama upande kama mlango uliochomoka bawaba.

Neema akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Kiatu changu kilikuwa kibaya kwa mguu wake, lakini kwa ukingo ule wa barabara kilikuwa sawasawa kabisa. Nilikuwa nimepima sakafu ya kufulia, nikatengeneza kiatu cha Mkiwa. Siku alipoacha mabasi, barabara ilibaki nyuma, kiatu kikamfuata dukani. Kwa hiyo nilimponya kwa kosa, na kosa lile lile likamuumiza. Au mgongo wake ungepona hata hivyo, na nyonga ingeuma hata hivyo, kwa sababu ni mama wa miaka hamsini anayesimama kutwa kwenye saruji. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila upande lina soli yake.

Tulikubaliana nisiondoe yote kwa pamoja, tulikuwa tumejifunza kwa Mzee Issa. Nitabandua tabaka moja kila mwezi. Neema alimpa mazoezi: kuinua visigino ameshika fremu ya mlango, kusimama kwa mguu mmoja akihesabu, kuvuta taulo kwa vidole vya miguu. Kila Jumapili nilipanda basi kwenda Mkiwa kuhakikisha anayafanya, maana namjua.

Tabaka la kwanza liliondoka bila neno. La pili vilevile. La tatu lilimwangusha. Hakuweza kuvuka kutoka kitandani hadi dukani bila fimbo. Nilikwenda katikati ya wiki, nikiwa na gundi na lile tabaka mfukoni, nimeamua kulirudisha. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anawahudumia wateja kutoka hapo hapo.

"Nipe kiatu," nilimwambia.

"Cha nini?"

"Nirudishe lile la tatu. Nimekosea tena."

"Mtaalamu anasemaje?"

"Anasema tusubiri."

"Basi tunasubiri." Akaikunja miguu yake kandokando ya ndoo nisiifikie. "Dada, mvua ilipochelewa mwaka ule, wewe ulisema nini? Ulisema tunalima hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nalia, na ulinisukuma na fimbo ya ng'ombe. Sasa na wewe lima."

Nilikaa naye. Nilihudumia wateja mpaka jioni, nikawauzia asali vibaya. Wiki ya tatu aliiacha fimbo. Tabaka la nne lilipoondoka hakusema lolote, nikajua limeondoka salama.

La tano nililibandua siku yangu ya mwisho kazini. Zuhura alikuja mwenyewe hospitalini, akitembea kutoka kituo cha basi. Neema alisawazisha ubao kwa pimamaji, nikapiga magoti nyuma ya mdogo wangu, nikaweka vidole gumba. Nyonga zilikuwa sawa. Nikamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Nikasema, "Rudia." Nikasema tena, "Rudia." Mara ya tano alitembea kama mtu anayewahi kwenda kusonga ugali. Nyonga bado inamuuma siku za baridi, alisema, lakini anasimama dukani mpaka alasiri. Hayo ndiyo matokeo. Kama ni mazoezi, au kiatu, au kukaa kwenye ndoo, sijui.

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Zuhura akabaki amesimama kando ya ubao.

"Na wewe, Dada, nani amekupima?"

"Mimi sina tatizo."

"Neema, huyu amewahi kupimwa?"

"Hata siku moja," alisema Neema, na nikaona amefurahi kupita kiasi.

Wakanipandisha. Zuhura akapiga magoti nyuma yangu, akaiga sauti yangu: "Simama wima, mama, usinisaidie." Nikasikia vidole gumba vyake kwenye mifupa yangu, vigumu kwa kunyonyoa kuku miaka yote ile. Akavisogeza, akavirudisha.

"Kulia iko chini," alisema.

Neema akaangalia, akakubali.

"Ni mfereji wa plau," alisema Zuhura.

"Au ni kupiga magoti miaka yote upande mmoja," alisema Neema.

"Mfereji. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona."

Kama wanasema kweli, mtu aliyekuwa akipima nyonga za watu miaka yote ile alikuwa mwenyewe amepinda, na macho yake pamoja naye. Basi hata sakafu huenda haina hatia yote. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini Zuhura alikwisha kulichukua lile tabaka la tano mezani, lililokuwa bado lina gundi, akaliingiza ndani ya kiatu changu cha kulia, akanivalisha kama nilivyokuwa nikimvalisha yeye akienda shule.

"Tembea."

Nikashuka ubaoni, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Kitu fulani kilikuwa kimebadilika mgongoni, lakini sikujua kama ni nafuu au ni ugeni. Wote wawili walikuwa wamekodoa macho miguuni kwangu.

"Vipi?" niliuliza.

Zuhura aliinamisha kichwa upande mmoja, akafikiri.

"Rudia, Dada."